Mafuta ya Kungojea

Nekesa mwanangu,

Uko sebuleni na baba yako mnabishana kama ndege ya viti sita ina choo, na mimi niko jikoni najifanya naosha vyombo. Vyombo vimekwisha kitambo. Kila baada ya muda nagonganisha sufuria mbili ili msije kuniangalia. Kitabu changu cha siku nimekifungua mezani kama ninavyofanya kila jioni, nikaandika tarehe, nikaandika "baridi, mawingu hayakuinuka kutwa", halafu kalamu ikasimama. Nimegeuza ukurasa, na sasa nakuandikia wewe.

Sitakuandikia kuhusu chakula, wala kanisa, wala watu wa kuwaepuka huko pwani. Hayo nimeyasema tangu Jumapili, mpaka baba yako akaniuliza kama nimeajiriwa na redio. Kuna jambo moja tu, nalo liko kwenye ule mpango wa safari ulionionyesha mchana.

Ulikaa karibu nami kwenye kochi, ukaiweka tableti juu ya mapaja yangu. Mstari wa buluu ulitoka kwenye uwanja wetu mdogo, ukapinda, ukashuka taratibu mpaka baharini. Ukasema, "Cheki, mum. Hii ndiyo mimi kesho."

Kampuni yenu inaihamisha ndege kwenda kukaa pwani, nawe unahama nayo, rubani wa pili. Wasichana wengine wa hapa Kabiria wanaondoka nyumbani kwa basi la usiku, mama zao wamesimama kando ya barabara. Wewe utaondoka ukiwa umeshika usukani, ndani ya wingu, na mimi sitaona hata bawa. Kapteni Mutua ndiye mkubwa wako, na mpango wote amekuachia uuandae mwenyewe. Najua maana ya kuachiwa hivyo. Nilitazama ule mstari macho yangu yakajaa, ukanipiga begani ukacheka. Ulidhani ni furaha peke yake. Ilikuwa furaha, lakini nilifanya kazi hiyo ya kupanga safari za ndege ndogo miaka mingi mno, na siwezi kuutazama mpango bila kuukagua.

Njia uliyoijaza kwenye fomu ni ile ndefu, inayozunguka upande wa kusini na kuuacha mbali uwanja mkubwa. Mafuta uliyoyahesabu ni ya njia fupi.

"Mbona haya hayafanani?" nikakuuliza.

"Hiyo ndefu ni ya fomu tu, mum. Tukishapaa wanatunyooshea moja kwa moja. Kila siku wananyooshea watu."

"Na kesho wasiponyoosha?"

"Watanyoosha. Na ile akiba ya lazima iko, ona hapa. Na tukijaza mafuta zaidi hatutainuka. Kuna fundi, kuna masanduku yake mawili ya vipuri, kuna sisi." Ukanishika mkono. "Mathe, tulia. Hii si ile ya penseli na rula."

Baba yako akasema kutoka mlangoni, "Mama Nekesa, wacha mtoto arushe ndege. Wewe rusha chapati."

Tukacheka wote watatu, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilikwenda jikoni nikarusha chapati kweli, na nilipomaliza nikatoka nyuma ya nyumba, penye kamba za nguo, nikiwa na simu mkononi. Namba ya Kapteni Mutua ninayo. Tulifanya kazi jengo moja yeye akiwa rubani mdogo, na mpaka leo akinikuta kokote ananiita dada. Sentensi moja ingetosha: Kapteni, hebu angalia mafuta ya huyo mtoto. Angeangalia. Ungejazwa mafuta na ungefika salama, na kuanzia kesho, kila utakapomwekea mpango mezani, angeutazama akijiuliza kama mama yako ameuona. Siku yako ya kwanza ingekuwa siku niliyokupokonya.

Sikupiga. Lakini pia sikuifuta ile namba. Simu nimeiweka juu ya kabati la vyombo, mahali ninapoiona na siwezi kuifikia bila kusimama. Nimejiambia niandike kwanza. Ukiisoma barua hii kabla hujaondoka, utaamua mwenyewe. Ukiisoma na bado ukaona nimekosea, sijui nitafanya nini. Ni afadhali nikuambie ukweli huo kuliko kujifanya mama jasiri.

Kuna jambo ambalo watu wa kazi yetu peke yao ndio hulikosea. Waongozaji wa ndege, wale wenye sauti za upole kwenye redio, wakiwa na nafasi humhurumia rubani mdogo. Badala ya kumzungusha kote wanamwambia anyooshe. Wanamnyooshea leo, wanamnyooshea kesho, na wiki ikiisha ameshaanza kuihesabu ile zawadi kama mshahara. Anaendelea kuiandika njia ndefu kwenye fomu kwa heshima, na moyoni anaruka ile fupi. Nalijua hilo kwa sababu nililifanya mimi, na sikuwa hata ndani ya ndege.

Unajua kwamba nilianzia River Road, kwenye duka la kupiga chapa, ghorofani juu ya wauza misumari. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mikono isiyopenda karatasi zilizochanganyika. Kapteni Harjit alikuja pale na bahasha yake ya ramani, Kalasinga mrefu mwenye kilemba cha samawati, akihema kwa sababu ya ngazi. Alitaka kopi zitiwe plastiki. Zilikuwa ramani za ajabu. Hazikuwa na mito wala barabara wala Kawangware. Zilikuwa na mistari mirefu tu, na juu ya mistari hiyo majina ya herufi tano tano yasiyo na maana katika lugha yoyote.

Nikaweka kidole kwenye jina moja. "Hapa ni wapi?"

"Hapa si mahali," akasema. "Hapa ni hewa."

"Nani anakaa huko?"

"Mimi. Kidogo tu, halafu napita."

Nilicheka, na usiku ule sikulala vizuri. Nililala nikifikiria kwamba juu ya mabati yetu kuna mji mwingine mzima wenye mitaa na njia panda, wenye majina, na hakuna jiwe hata moja. Watu wanapishana humo, mmoja juu ya mwenzake, na hakuna anayeuona. Aliporudi kuchukua kopi zake alikuta nimezipanga kufuata safari, kila njia na uwanja wake. Akazipekua zote amesimama, kisha akaniuliza kama napenda ngazi hizi au ningependa kufanya kazi chini.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kando ya uwanja mdogo, na ilikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kwingine. Mpango ukishakamilika, kabla haujapelekwa popote, aliyeupanga alikaa kwenye kiti cha dirishani, akafumba macho, akairuka safari yote kwa mdomo, tangu injini kuwaka mpaka injini kuzima. Rubani alisimama nyuma yake akawa ndiye mwongozaji. Tuliita kuota safari. Ofisi jirani walitucheka. Walisema wale wa Kalasinga wamelala tena. Ulikuwa ukija wakati wa likizo, ukanikuta nimefumba macho naongea, na siku moja ulimwuliza mfagiaji kama mama yako ana malaria.

Nimepanda ndege mara chache sana maishani, Nekesa, lakini ndani ya wingu napajua. Nilifika huko kila asubuhi. Ardhi inaondoka, Ngong inageuka kivuli, kivuli kinafutika, halafu hakuna tena juu wala chini, kuna mwanga mweupe kila upande kama ndani ya yai. Tumbo linakuambia umeinamia kulia, sindano inakuambia umenyooka, na inabidi uchague. Halafu sauti zinaanza. Kuna ndege kubwa inayotoka Ulaya, imeruka usiku kucha, imejaa watu mamia wanaopangusa macho na kutafuta viatu chini ya viti. Kuna nyingine nyuma yake, na nyingine nyuma ya hiyo. Na kuna wewe, mdogo, na watalii wako wanne na kreti ya maembe, na nyote mnaingia kwa mlango mmoja. Anayewapanga hawaoni. Ana vidoti kwenye kioo na sauti yake. Nilikuwa nikifumbua macho nashangaa kukuta kalenda ukutani na vumbi dirishani.

Safari niliyoikosea ilikuwa ya kutoka Kisumu, msimu kama huu, Nairobi imejifunika blanketi. Niliota Kapteni akitoka ziwani, akivuka Bonde la Ufa, na karibu na Ngong waongozaji wakimnyooshea kama walivyomnyooshea wiki nzima.

Nyuma yangu akauliza, "Na nikikuzungusha?"

"Hawatakuzungusha, Kapteni."

"Umewauliza?"

"Wanakupenda."

Alicheka akaenda zake. Nilihesabu mafuta kwa kile kicheko.

Mchana nilikuwa ofisini na redio imewashwa. Nilimsikia anaita, nikasikia anaambiwa aingie kwenye mzunguko wa kungoja. Pale hewani, kwenye jina la herufi tano lisilo mahali, aende upande mmoja, ageuke, arudi, ageuke tena, mpaka aitwe. Niliendelea kunywa chai. Nikasikia tena, aendelee kungoja. Nikaweka kikombe chini. Wingu lilikuwa limeshuka mno, kubwa mbili zilikuwa zimeshindwa kuuona uwanja na zimerudi juu kupangwa upya, na foleni yote ikasimama. Sauti yake haikubadilika hata kidogo. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alikuwa akijibu kama mtu anayeulizwa saa, na mimi nimekaa na karatasi yangu safi, nikipunguza mafuta kichwani kila anapogeuka.

Mwishowe akawaambia kwa upole uleule kwamba hawezi tena kuongeza kungoja. Wakaondoa kubwa iliyokuwa mbele yake, wakampitisha. Akashuka.

Abiria walipokwisha ondoka aliingia ofisini, akakaa kwenye kiti cha dirishani, kile changu.

"Rose," akasema, "lete chai."

Nikaleta. Akanywa mpaka ikaisha.

"Asubuhi, ulipoota. Kulikuwa na jua?"

"Ndiyo, Kapteni."

"Na waongozaji wa mnarani walikuwaje?"

"Walikuwa wazuri."

"Hiyo ni ndoto ya Jumapili," akasema. "Ya kazi iko tofauti. Kaa hapa."

Akainuka, nikakaa. Nikafumba macho tukairuka safari ileile, yeye akiwa mwongozaji, na safari hii akaniweka pale hewani nikazunguka. Nilizunguka. Kila nikiomba kuingia akasema ngoja. Nikamwambia mafuta yamebaki kiasi fulani. Akasema ngoja. Nikamwambia yanakwisha. Akasema, "Nani aliyekupa hayo?" Nikafumbua macho, nikamwambia ni mimi. Alichukua koti lake akaenda nyumbani kwake Muthangari, na kesho yake asubuhi akanisalimia kama kawaida.

Sikutoka pale na woga. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe, kwa sababu mchana uliona woga usoni mwangu ukadhani ndio ninaokupa. Nilitoka pale nikiwa napenda kungoja. Nilianza kuziota safari nikiziacha zizunguke. Niliweka mafuta ya kuzunguka hata siku ya jua, nikamwambia abiria apunguze sanduku lake, nikatukanwa, nikaendelea. Mara nyingi mafuta yale yalirudi hayajaguswa. Marubani wapya walinitania kwamba napeleka petroli kutalii. Kapteni hakunitania kamwe.

Sasa nikusimulie kitu ambacho hujakisikia. Miaka ya mwisho ya Kapteni Harjit, macho yake yalipokufa, nilikuwa nikimtembelea Muthangari. Ulidhani ninakwenda kwa mkewe kuchukua viungo. Tulikaa barazani, yeye na blanketi magotini, bustani ikiwa na baridi na harufu ya majani yaliyokatwa. Akishamaliza chai alikuwa akisema, "Rose, nipeleke Kisumu."

Nilimpeleka. Nilifumba macho yangu na mimi ingawa haikuwa lazima, tukawasha injini. Nilimpa kibali cha kuruka, yeye akakirudia neno kwa neno, hakukosea hata mara moja. Nilimpandisha juu ya Riruta, juu ya Dagoretti, nikamfuta kwenye wingu, nikamtoa upande wa pili kwenye jua. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukisogea taratibu juu ya blanketi. Siku moja nilikuwa na haraka, ulikuwa na homa nyumbani, nikamnyooshea moja kwa moja mpaka ziwani.

"Nani amekupa ruhusa kunikatia njia?" akauliza.

"Nimekuhurumia, Kapteni. Nataka kurudi nyumbani."

"Basi wewe rudi. Mimi niache pale, nizunguke kidogo. Pale ni pazuri."

Nikamwacha pale. Nilipofika getini niligeuka, na mkono wake ulikuwa bado unasogea, anageuka, ananyooka, anageuka. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtoto anayenyonyeshwa. Nilitembea kurudi Kabiria kwa miguu, jioni yote nikiwa sina hakika kama nimemwacha barazani au angani, na mpaka leo nikitazama mawingu ya Julai siwezi kuapa.

Kuna kuzunguka kwingine ambako sikukuelewa, na huko nilikukosea wewe. Ulipomaliza shule nilikuwa tayari nimekuchorea mstari. Chuo cha uuguzi, kisha zahanati moja ya Lavington ninayoifahamu, kisha kila jioni unarudi hapa tunakunywa chai. Ulikuwa mpango mzuri, na ndani yake jua lilikuwa limewaka muda wote. Ukaja ukasema, "Mum, mimi nataka kuruka." Siku nyingi nilikuongelesha kupitia kwa baba yako, mwambie chakula kiko tayari, mwambie afunge mlango, mpaka akachoka akasema yeye ni fundi mbao, si mnara wa uwanja wa ndege.

Halafu ikaja ile miaka yako mirefu. Mara unauza laini za simu, mara unaandikisha abiria, mara unapata saa chache za kuruka kisha miezi bila hata moja. Nilimwambia shangazi yako kwa simu, "Huyo Nekesa bado anazunguka tu." Ulikuwa nyuma ya pazia unapiga pasi. Pasi ilisimama, kisha ikaendelea. Mimi, ambaye kazi yangu nzima ilikuwa kumwekea mtu mafuta ya kuzungukia, niliona mtoto wangu anazunguka nikadhani amepotea. Na wewe ulikuwa unajibu kwa sauti ileile, haibadiliki, kama mtu anayeulizwa saa. Sijui mafuta uliyatoa wapi. Sikukupa mimi. Nadhani baba yako alikupa mengine, kwa mizaha yake.

Kwa hiyo leo ulipolisema lile neno, watanyoosha, sikusikia kiburi. Nilisikia mtu aliyengoja kuliko wengi, ambaye angependa, walau siku moja, njia yake ifunguliwe bila kuombwa. Nami ningependa ifunguliwe. Ningekwenda kwenye mnara kuwapigia magoti. Lakini kesho mtapaa wakati ule kubwa za ng'ambo zinaposhuka, upepo utakuwa unawajia usoni njia nzima, na pwani msimu huu mvua hupenda kukaa juu ya uwanja na kuwafungia mlango wakati mmeshafika. Akiba ya lazima ni ya kukufikisha chini ukiwa huna tena cha kuchagua. Mimi nakuombea yale mengine, yatakayokuwezesha kuambiwa ngoja na ukajibu kwa sauti yako ya kawaida.

Nilikuwa nimefika hapo ulipoingia. Utakumbuka, nilifunika karatasi kwa sinia ukaniangalia kwa pembe ya jicho.

"Mum, ile mizani ya kupimia kuku iko wapi?"

"Ya nini?"

"Niambie tu."

Nikakuonyesha ilipo, nyuma ya mlango. Ukatoka, ukarudi unaburuta begi nililokufungia, ukalitundika, mshale ukashuka mpaka baba yako aliyekuwa amekufuata akapiga mluzi.

"Hii umeweka nini?"

"Vitu vidogo."

"Vidogo? Mathe, hii ni fundi mwingine."

"Hapo ndani kuna duka la Kawangware na mwenye duka," akasema baba yako.

Ukakaa chini kwenye sakafu ya jikoni na kufungua zipu. Ukatoa unga wa wimbi. Ukatoa njugu, ukatoa sufuria ndogo na kubwa, blanketi, chupa ya asali ya Bungoma, pasi. Kila kitu ulikishika kidogo kabla ya kukiweka chini. Kisha ukasema bila kuniangalia, "Nililala pale kwa kochi nikafunga macho. Nikaiota yote, vile mlikuwa mnafanya. Wakaniweka nizunguke huku kusini. Nikafika pwani, kuna mvua kwa uwanja. Nikaangalia mafuta." Ukaiweka pasi chini. "Sikuipenda."

Nikafungua mdomo.

"Usiseme kitu, mum. Tafadhali."

Nilipiga magoti karibu nawe nikashika upande wangu wa begi, tukatoa pamoja. Baba yako akachukua blanketi akajifunika mabegani, akasema anashukuru kampuni kwa zawadi. Ulitundika tena, ukasoma, ukachukua simu ukaandika mahesabu yako. Halafu nikakusikia sebuleni ukizungumza na Kapteni Mutua, ukimwambia umeongeza mafuta, umepunguza mizigo yako na umemwambia fundi aache sanduku la pili lije kwa lori. Sikusikia alichokujibu. Nilisikia wewe ukisema, "Hapana, Kapteni. Ni mimi nimeona."

Sasa jikoni pamejaa vitu. Unga wa wimbi nitausonga kesho. Pasi nitairudisha pale ilipokuwa, na nikiipitia nitakumbuka ile siku ya pazia, na ni haki yangu kukumbuka. Simu yangu baba yako ataishusha kabatini. Mimi magoti yananiuma kwa kupiga magoti sakafuni.

Barua hii niliianza ili ikubadilishe mawazo, na imechelewa, umeyabadilisha mwenyewe. Nilitaka kuichana. Halafu nikaikata kitabuni, nikaikunja mara nne nikaichomeka kwenye ndoano ya ile mizani, nikainama kutazama karibu kabisa, na mshale haukusogea. Basi ichukue.

Mama